Kinyozi Aliyegoma Kumwombea Binti Yake

Kwenye jumuiya yao kinyozi huyu walimwita Litania, kwa jina la ile sala ndefu ya kuitikiana, na hakuna aliyemwonea. Jumuiya yenyewe ilikuwa ya familia za mtaa mmoja, Wakatoliki waliokutana kila Jumamosi alasiri, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Walisali rozari, wakasoma Injili, kisha kila mwenye shida akaitaja kwa sauti na wenzake wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Kutaja shida namna hiyo ndiko wanakokuita kutoa nia. Wengine walitoa nia ya maneno machache wakanyamaza. Yeye akishaanza, akina mama walijiweka sawa kwenye viti vya plastiki, maana walijua safari ni ndefu.

Kazi yake ilikuwa kunyoa. Alikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara, kioo kikubwa, beseni, taulo zilizofuliwa mpaka zikabaki nyuzi, na kiti cha kuzunguka kilichoacha kuzunguka zamani, hivyo yeye ndiye aliyekizunguka mteja kutwa nzima. Ikifika jioni vifundo vya miguu vilikuwa vimejaa, viatu havitaki kuvulika. Mkewe alikuwa mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, anarudi nyumbani na joto la pasi usoni. Ungewaona wawili hao wamekaa sebuleni baada ya kazi, kila mmoja na beseni lake la maji ya chumvi miguuni, ungesema hawa hawana nguvu hata ya kufukuza nzi. Lakini wakumbushe watoto, utawaona wanavyoinuka.

Watoto walikuwa watatu. Wakubwa wawili walikuwa wameshaoa na kuhama. Nyumbani alibaki kitinda mimba, binti wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wa chekechea, ambaye baba yake alimwita Mwalimu tangu angali mtoto anayewapanga wanasesere foleni na kuwachapa. Mama yake alimlinda kwa vitu. Aliweka medali chini ya mto wake, medali ndani ya mkoba, medali imeshonewa kwenye pindo la koti, na maji ya baraka alinyunyiza mlangoni mpaka rangi ya mlango ikaanza kubanduka. Siku moja Mwalimu alivua kiatu shuleni akakuta Bikira Maria chini ya kisigino. Alirudi nyumbani akasema, "Mama, hata mguu wangu una mlinzi?" Mama yake akajibu bila kucheka kwamba mguu ndio unaokwenda mahali.

Baba yeye alilinda kwa mdomo. Na katika hilo hakuwa peke yake. Kwenye jumuiya ile, ukitaka kujua mtoto wa nani kafeli, wa nani kaanza kuvuta sigara, wa nani anarudi nyumbani jua likichomoza, hukuwa na haja ya kupeleleza. Ulikaa ukasubiri nia. Wazazi waliwaombea watoto ulinzi dhidi ya mwovu, na ili Mungu asije akakosea nyumba, walimweleza kwa urefu huyo mwovu amefikia chumba gani. Kisha chai ilimiminwa, na kila mtu akaondoka na shida za watoto wa wenzake. Hakuna aliyeita kitendo hicho umbea. Mimi ndiye ninayekiita.

Asubuhi moja, kabla mteja wa kwanza hajafika, Mwalimu alipitia dukani akiwa njiani kwenda shuleni. Alimsalimia baba yake, akaketi kwenye kile kiti, akawa anamtazama kupitia kioo.

"Marahaba, Mwalimu. Mbona leo umenikumbuka?"

"Nimechoka, baba."

"Na wale watoto wako hawana breki. Utaacha kuchoka?"

"Si kuchoka huko." Alicheza na kitana kilichokuwa mbele yake. "Ni nikiamka. Nikiamka tu, naanza kulia. Silii mtu wala silii kitu. Nalia, nanawa uso, naenda kuimba na watoto. Jioni nacheka nanyi mezani. Asubuhi, tena. Na kuna siku, baba, natamani nisingeamka kabisa."

Kinyozi alikuwa ameshika taulo. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nimekuambia wewe kwa sababu wewe nyumbani hupigi kelele," alisema binti. "Mama nitamwambia mwenyewe, taratibu. Wengine sitaki wajue. Yaishie hapa hapa."

"Yameishia hapa," alisema baba, na alimaanisha.

Wewe nakusimulia kwa kuwa mtaa mzima ulishajua. Mtaa usingekuwa umejua, ningetafuta hadithi nyingine.

Siku zilizofuata Kinyozi hakula vizuri. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, kuliko hata mwaka ule mtoto huyo huyo alipolazwa na homa ya uti wa mgongo. Homa ile aliiona kwenye kipimajoto. Hii ilikaa mezani ikacheka, ikamkatia mkate. Alisali peke yake akisimama mbele ya kioo chake, lakini sauti yake aliiona ndogo, sauti ya mtu mmoja anayegonga geti kubwa. Tangu utoto alifundishwa kwamba watu wengi wakiitikia pamoja, maombi yanapata uzito. Ilipofika Jumamosi alikuwa amejipanga. Alijiambia kwamba ahadi aliyompa binti yake ilikuwa ya kutowaambia watu, na yeye hatawaambia watu. Atamwambia Mungu. Watu watakuwepo tu, wanaitikia.

Usimcheke. Mtu mwenye hofu hujipigia hesabu zake mwenyewe, na siku zote zinakubali.

Zamu ilikuwa ya nyumba ya mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja muuza vitambaa, mnene, mwema, mwenye sauti ya kupenya ukuta. Zilipofika nia, Kinyozi alisimama. "Ee Bwana," alianza, "tunamleta kwako binti yetu, mwalimu wa chekechea, anayeamka kila siku akilia bila sababu. Adui amemwingia kwa njia ya huzuni, anamnong'oneza asiamke tena. Mzungushie malaika wako. Mtakatifu Mikaeli, mkuu wa malaika, asimame mlangoni pake..." Akaendelea. Aliongea vizuri kuliko siku zote, machozi yanamtoka, na alipomaliza chumba kizima kilivuta pumzi kikaitikia kwa kishindo. Akaketi akiwa mwepesi. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kupumua mpaka chini.

Mkewe aliyeketi kando yake ndiye hakuitikia. Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya punje moja ya rozari. Na yeye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza.

Njiani kurudi mama alitembea mbele, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, kwa ile miguu yake. Walipofika karibu na nyumbani akasimama.

"Alikuambia lini?"

"Jumatatu."

"Akakuambia uwaambie na wale?"

"Nilikuwa namwambia Mungu, mke wangu."

Mke hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Mimi naweka medali kwenye mto," alisema. "Medali haina mdomo."

Kesho yake baada ya Misa, kabla ya chakula, walibisha hodi. Walikuwa akina mama wa jumuiya na mwenyekiti wao mbele, wana chupa ya maji ya baraka, chumvi iliyobarikiwa kwenye mfuko wa nailoni, na sura za msibani. Mwalimu ndiye aliyefungua mlango. Walimkumbatia mmoja mmoja. Mmoja akamwambia asiogope, roho hizo huwa ni za ukoo, zinafuata damu. Mwingine akamuuliza kama kuna kitu cha mtu amewahi kuokota. Wakamketisha, wakamwekea mikono kichwani, wakaomba, na chumvi ikamwagwa kwenye pembe za chumba chake cha kulala. Yeye alikaa tuli. Walipomaliza alisema asanteni, mama zangu, akawasindikiza mpaka getini kama mtoto aliyelelewa vizuri, kwa sababu alilelewa vizuri. Aliporudi alimkuta baba yake amesimama ukumbini. Alimpita, akachukua ufagio, akaanza kufagia chumvi.

Lingeishia hapo, lingekuwa jambo la kufagia. Lakini baadhi ya akina mama wale walikuwa na watoto na wajukuu katika darasa lake, na huruma ya Jumapili ilipofika Jumatatu ilikuwa imegeuka sura. Mzazi mmoja alimuuliza mwalimu mkuu, kwa upole tu, kama ni salama. Mwingine akasema yeye hana neno na binti yule, anamwombea, ila mtoto wake angependa ahamie darasa jingine. Mapepo, walisema, hayachagui. Hapo ndipo mimi ninapochoka na watu. Unamwombea mtu asubuhi, adhuhuri unamkimbia. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu. Alimwita Mwalimu ofisini, akamkaribisha chai, akamwambia apumzike kidogo nyumbani mpaka maneno yapoe.

Alirudi nyumbani saa nne asubuhi, akapitia dukani. Kulikuwa na mteja kwenye kiti. Akasubiri mteja amalizwe, avuliwe shuka, apanguswe shingo, aondoke.

"Baba, mimi nilikuambia wewe."

"Mwanangu, nilikuwa naomba. Sikuwaambia wao, nilikuwa namwambia Mungu."

"Na wao walikuwa wapi?"

Kinyozi aliokota shuka la mteja, akalikung'uta.

"Sikuchukii," alisema binti. "Najua uliogopa. Mimi pia naogopa. Ila nilikuwa na mahali pamoja pa kusemea, na sasa sina."

Akaondoka. Tangu siku hiyo, baba akimuuliza Mwalimu umeamkaje, alijibu salama, baba. Umelalaje, vizuri, baba. Unaendeleaje, nzuri tu, baba. Alisema hivyo bila kinyongo, akapika, akafua, akacheka panapochekesha. Mama yake alijaribu kwa upande wake, akapata majibu yale yale, mama mahali pa baba. Kinyozi angependa atukanwe. Maana lililomkosesha usingizi halikuwa aibu wala ile kazi iliyosimama. Alijua kwamba asubuhi zile hazijaisha, na kwamba ikija iliyo mbaya kuliko nyingine zote, binti yake ataamka nayo peke yake, atanawa uso, atatoka sebuleni na kusema nzuri, baba.

Dawa aliyoifikiria ilikuwa ile anayoijua. Jumamosi atasimama mbele ya jumuiya, awaeleze walivyomkosea binti na alivyomkosea yeye mwenyewe, awaombe wamsafishe jina kama walivyolichafua. Aliyatunga maneno wiki nzima huku akinyoa. Na angeyasema, kama paroko asingeota ndevu.

Paroko, padri wao, alikuwa mzee wa kukonda, mwenye makanisa mengi ya kuhudumia na gari linalozimikazimika. Alikuja dukani Alhamisi mchana, akaketi, akasema, "Ninyoe, nilale kidogo," akafumba macho. Kinyozi alimpaka povu usoni. Sasa mtu aliyepakwa povu na kuwekewa wembe shingoni hawezi kukukatiza, na pengine ndiyo sababu Kinyozi alianza. Alimweleza yote. Alieleza alichoahidi na alichofanya, na yale ya chumvi, na yale ya shule. Padri aliguna kwa pua tu. Kisha akamweleza atakachosema Jumamosi.

"Nitawaambia hivi, padri. Ndugu zangu, binti yangu hana pepo. Ni kweli anaamka akilia, ni kweli alitamani..." Wembe ulisimama. Aliyasikia maneno yake mwenyewe. Akajaribu njia nyingine. "Nitawaambia, wale mliowahamisha watoto, mjue kwamba huzuni ya mtu kama huyu..." Akasimama tena. Akajaribu ya tatu, na ya tatu nayo ilipitia pale pale. Hakukuwa na namna ya kumtetea bila kumtoa tena katikati ya chumba, avuliwe tena, watu waitikie tena.

Akamalizia shavu lililobaki, akampa padri taulo.

Padri alijifuta polepole. "Mimi nasikia maungamo miaka mingi," alisema. "Watu hudhani kazi ni kusikia. Kusikia siyo kazi. Kazi ni kufika nyumbani na uliyoyasikia, ukaketi mezani, mpishi akakuuliza habari za leo, ukasema nzuri, ukala."

"Na unaweza?"

"Siku nyingine chakula hakishuki."

"Sasa nisimwombee?"

"Mwombee. Nani kakuambia Mungu ni kiziwi mpaka apigiwe kelele na mtaa?" Aliinuka, akajitazama kidevu kwenye kioo. "Na akikuambia tena, mpeleke kwa daktari. Usimpeleke kwangu kwanza. Mimi nitakuwa nimelala."

"Hataniambia tena, padri."

Padri hakumpinga. Alimwekea mkono begani, akaacha alama ya povu hapo, akaenda kulisukuma gari lake.

Jumamosi hiyo walikuwa kwa dereva mmoja wa lori, baba wa watoto wadogo, mmoja wao akiwa wa darasa lile. Rozari ilisaliwa, Injili ikasomwa, nia zikaanza kuzunguka. Zilipomfikia Kinyozi watu walimgeukia, na akina mama wakajiweka sawa.

"Leo sina nia," alisema.

Mwenyekiti alidhani hakusikia. "Litania, nia yako. Binti yetu vipi?"

"Yuko salama."

"Basi tumshukuru Mungu kwa ajili yake, na tuendelee kumkabidhi, maana shetani akitoka hurudi na wenzake. Ee Bwana, tunamleta tena kwako..."

"Mama mwenyekiti." Kinyozi alikuwa amesimama. Miguu ilimuuma. "Naomba asitajwe."

"Asitajwe kwenye sala?"

"Asitajwe hapa."

Dereva alikohoa. Bibi mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, kwamba ndivyo ugumu wa moyo unavyoanza. Mwenyekiti, ambaye alimpenda binti yule kwa kweli na aliyemnunulia gauni la Komunyo ya kwanza, alitokwa na machozi. "Mzazi gani anakataa mwanawe aombewe?" aliuliza, si kwa ubaya, aliuliza kwa kutoelewa. Na mtu mwenye maneno mengi kuliko wote mtaani alikaa chini akiwa na jibu mdomoni, jibu zuri, refu, lenye kila kitu ndani. Akalimeza. Mkewe, bila kumtazama, alisogeza kiti chake mpaka kikagusana na cha kwake.

Umeshawahi kunyamaza wakati una haki? Mimi sijafanikiwa hata mara moja. Ni kazi ya kuvunja mgongo.

Habari hiyo ilitembea kama zile nyingine. Litania amegoma kumwombea binti yake. Amemkana mtoto. Imani imempoa, wamegombana na padri, ameanza kwenda kwa waganga. Kila mmoja aliongeza cha kwake. Jumamosi zilizofuata Kinyozi alikwenda kama kawaida, akasali rozari, akaitikia nia za wenzake, na zamu yake ikifika alisema sina. Baada ya muda wakaacha kumuuliza, wakawa wanamruka. Usomaji wa Injili, aliokuwa akiufanya kwa sauti yake nzuri, alipewa dereva, ambaye alisoma kama mtu anayekagua matairi. Kinyozi aliketi nyuma karibu na mlango. Yalimuuma. Nikisema hayakumuuma nitakuwa naongopa. Alikuwa mtu wa kusikika, na hakuwa na sifa nyingine.

Maombi yake sasa aliyafanya dukani, kati ya mteja na mteja, akifagia nywele. Alikuwa na mpango wa sala nyingi, lakini uchovu ulizila moja moja. Kwanza ziliondoka sifa za Mungu, kisha orodha ya malaika, kisha yale maelezo ya mwovu yuko wapi. Mwisho alibaki akitaja jina la binti yake tu, lile la ubatizo, huku akisukuma nywele kuelekea mlangoni. Siku nyingine hata jina hakulitaja. Alisimama na ufagio, akamfikiria, akatumaini kwamba aliye juu anamwona anamfikiria nani.

Shule ilimrudisha Mwalimu, maana mtaa ulipata cha kutafuna kingine na watoto wenyewe walikuwa wakimlilia. Nyumbani mambo yaliendelea kuwa nzuri, baba. Kinyozi hakumfuata, hakumhoji, hakumtegea. Hilo nalo lilimtoa jasho.

Ikapita miezi. Alasiri moja ya siku ya kazi, jua kali, hakuna mteja, Kinyozi alikuwa amevua viatu amekaa kwenye ngazi ya mlango. Mwalimu alikuja na mkoba wake begani na vumbi la chaki kwenye mikono. Alimpita, akaingia ndani, akaketi kwenye kiti. Baba yake akavaa viatu upesi upesi, akaingia, akasimama nyuma yake, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kusimama.

"Nimesikia umegoma kuniombea," alisema binti kupitia kioo.

"Wanasema hivyo?"

"Wanasema. Leo mzazi mmoja kanipa pole. Eti baba yangu amenitupa." Alimwangalia vizuri. "Wanasema wamekunyang'anya hata Injili."

"Dereva anaisoma."

"Anasomaje?"

"Anaisoma," alisema Kinyozi, na binti akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Kwa nini hukuwaeleza?"

"Ningewaeleza nini?"

Kinyozi alimwona kwenye kioo anavyofikiri, midomo imebanwa, na akaona pia kitu ambacho mezani nyumbani hakukiona, au hakuruhusiwa kukiona. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala siku nyingi.

"Baba," alisema.

"Naam."

"Leo asubuhi."

Kinyozi alitamani kumwambia kila kitu kitakuwa sawa, atamke jina la kila malaika anayemjua, amshike kichwa. Alishika mgongo wa kiti badala yake, kwa mikono yote miwili.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa dereva wa lori, amekuja kupunguza nywele. Aliona binti, akaona macho yake yalivyo, akavua kofia. "Vipi, Mwalimu anaumwa? Tumwombee?"

"Ananyolewa," alisema Kinyozi. "Rudi kesho." Akamtoa kwa upole, akafunga mlango, akashusha pazia.

Halafu Mwalimu aliongea. Aliongea mpaka kivuli cha nguzo ya umeme kikahamia upande wa pili wa barabara, na baba yake alisikiliza akiwa amesimama kwenye miguu ile, hakukatiza, hakusema amina mahali popote. Mwisho alimuuliza swali moja, lile aliloachiwa na padri, naye binti akaitikia kwa kichwa.

Alichosema sikuandikii. Kesho yake asubuhi duka lilikuwa limefungwa, na chekechea wakaambiwa mwalimu wao ana udhuru. Dereva alikuja na nywele zake akakuta kufuli. Aliuliza kwa muuza vitambaa, aliuliza kwa majirani, akamuuliza hata mpiga pasi aliyekuwa akielekea kazini, wale wawili wameelekea wapi mapema hivyo. Mama alimwambia habari za asubuhi, akaendelea na safari yake. Mtaa mzima hakuna aliyejua.